Moyo Peke Yake Hausimamishi Damu

Nimekuwa kimya maana test zimebanana, na bumu lenyewe mnajua lilivyo. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Kila ikitokea ajali hapa Bongo lazima utasikia watu wanasema: "Watanzania tuna moyo wa kusaidia." Nakubali, moyo tunao. Mimi napanga Mbagala, na huku nyumba ikishika moto utaona watu wanavyotoka na ndoo kabla hata hujamaliza kupiga kelele. Ninachobisha ni kwamba huo moyo tumeufanya kisingizio cha kutojifunza kitu.

Angalieni ajali ya pikipiki hapo Kilwa Road. Mtu kaanguka, hajui hata jina lake. Vijana watano wanamnyanyua, mmoja kashika mguu, mwingine mkono, shingo inaning'inia. Wanampakia mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili, haoo hospitali! Wote wana nia njema kabisa. Lakini kama uti wa mgongo ulikuwa umepata hitilafu ndogo, hapo wameshammaliza. Aliyeungua anapakwa dawa ya meno, wakati angemwagiwa tu maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika kama 20. Mwenye kifafa anaingizwa kijiko mdomoni. Anayevuja damu anapepewa na kanga, badala ya hiyo kanga kukunjwa na kukandamizwa kwenye jeraha. Kanga ipo, mikono ipo, elimu ndiyo haipo.

Mkumbuke Kariakoo, Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka na zaidi ya watu 20 wakafa. Kabla mitambo haijafika, walioanza kufukua ni vijana wa pale pale, kwa nyundo na mikono mitupu, na waliokuwa chini walikuwa wanapiga simu kuomba msaada. Nawaheshimu sana wale vijana. Lakini kwenye kifusi, kila anayepanda juu anaongeza uzito kwa aliye chini, na makelele yanaficha sauti ya anayeita. Wanaoijua kazi hii huwanyamazisha watu wote kwanza, wakasikiliza. Hilo halihitaji mtambo wa mamilioni, linahitaji mtu mmoja aliyefundishwa ambaye wenzake watamsikiliza.

Halafu kuna ile ndege ya Precision Air iliyoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alizimia akijaribu kuwasaidia marubani, akaja kuzinduka hospitalini. Akapewa shilingi milioni moja, na Serikali ikaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apewe mafunzo. Safi sana, alistahili. Lakini hebu tuangalie utaratibu wetu: mtu anaanza kuokoa, nusura afe, ndipo anapata mafunzo! Na wale wavuvi wengine wote wa ziwani? Wangoje ndege yao?

Najua kuna mwenzangu atasema uokoaji ni kazi ya Zimamoto, tuwape magari na vifaa basi. Mimi pia nataka wapewe. Sheria ya jeshi hilo ipo tangu 2007, namba 114 ni ya bure, piga mapema tena ueleze ulipo kwa alama inayojulikana. Lakini ndugu yangu, gari la zimamoto litapita wapi Tandale? Keko je? Kuna vichochoro vya Tandika hata bajaji inarudi nyuma. Ukiongeza foleni, dakika kumi za mwanzo ni za jirani, upende usipende.

Tena sisi wa Ualimu ndio tunanikera zaidi. Tunakariri madesa ya Piaget na Skinner mpaka macho yanauma, tunaogopa supu kama ukoma, lakini tangu nianze chuo hakuna aliyewahi kunionyesha namna ya kufungua mtungi wa kuzimia moto. Shule niliyoendea TP mtungi ulikuwepo, umefungiwa ofisini na funguo anayo mtu mmoja. Mwakani tutakabidhiwa watoto mia na kitu, wengine wa bweni. Shauritanga 1994 walikufa wasichana wapatao 40 kwa moto wa bweni. Idodi, Iringa, 2009, wakafa 12. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Usiku kama ule mtu mzima aliye karibu ni mwalimu, yaani mimi na wewe. Utawatolea nadharia gani?

Kwa hiyo nasema wazi: mwanachuo wa ualimu asiruhusiwe kwenda TP kama hajapita mafunzo ya huduma ya kwanza na kuzima moto, na yawe na mtihani wa vitendo. Kila serikali ya mtaa iwe na watu wake kumi waliofundishwa, na machela, kamba na glavu zikae mahali penye funguo zaidi ya moja. Na anayejitolea akiumia, atibiwe bila kuchangishiwa na majirani. Kumpa fulana na soda halafu kumwita shujaa ni dharau.

Na nyie mnaojitolea siku moja mpige picha mjaze CV, mnajijua. Chama cha Msalaba Mwekundu kinafundisha huduma ya kwanza, na Zimamoto nao wanafundisha watu kuzima moto. Likizo hii, badala ya kulala mpaka saa tano, tukusanyane hata watu kumi tuombe mafunzo. Mimi jina langu nimeshaandika la kwanza. Naanza kuzunguka mabwenini kesho jioni na daftari, msijifiche vyooni.

Alamsiki.