Kuchochea Nini?

Katika maneno ya Kiswahili yaliyodhulumiwa, ni machache yaliyodhulumiwa kama uchochezi. Mpishi wa Tanga akisukuma kuni mafigani, anachochea. Mwenye taa akipandisha utambi ili msomaji azione herufi, anachochea. Asiyechochea hula kibichi na kusoma gizani. Hata neno lilipotumika kwa shari halikusimama pweke: mtu alichochea vita, au alichochea ugomvi, na msikilizaji akajua kilichochochewa ni kipi.

Sheria ndiyo iliyolikata neno hili mkia. Waingereza walipoitungia Tanganyika Kanuni ya Adhabu mwaka 1930, walitia humo kosa walilokuja nalo kutoka kwao: kuijengea serikali chuki au dharau, au kuwafanya raia wasiridhike nayo. Kosa hilo lilipotafutiwa jina la Kiswahili, likavishwa uchochezi. Tangu hapo mtu huitwa mchochezi, basi. Wala haulizwi mshitaki, amechochea nini?

Kabla ya uhuru, wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa kosa hilo. Ingetarajiwa kwamba wazalendo waliokuwa upande wa wafungwa wale wangelizika kosa lenyewe siku iliposhushwa bendera ya Mwingereza. Haikuwa hivyo. Mwaka 1976 liliingizwa katika Sheria ya Magazeti; na sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2016, likahamia katika Sheria ya Huduma za Habari. Nyumba ilibadilika, mpangaji akabaki yule yule. Machi 2019 Mahakama ya Afrika ya Mashariki, huko Arusha, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya uchochezi vikiwamo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria kwa sehemu. Lakini neno limekwisha kukaa vinywani, na neno likishakaa kinywani hutisha hata pasipo kifungu.

Watetezi wa neno hili husema kwamba ulimi huua, na hutaja redio iliyohimiza mauaji Rwanda mwaka 1994. Ni kweli, na anayepuuza kweli hiyo hana haki ya kujibu. Ila mfano huo unawageukia wenyewe. Redio ile ilichochea mauaji. Kitenzi kina shamirisho yake, na kosa lina jina lake. Mwenye kuhimiza watu wachinjwe na ashitakiwe kwa hilo. Kumweka fungu moja na mhariri aliyeuliza fedha za umma zimekwenda wapi ni kuipotosha sheria na lugha kwa pamoja.

Na katika pwani yote, Tanga ndiyo isiyostahili kabisa kutishwa na neno hili. Vita vya mwaka 1888 na 1889, vilivyoishia kwa Abushiri bin Salim kunyongwa Pangani, vilisimuliwa kwa utenzi na Hemedi Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga. Hakungoja mshindi aandike habari. Kisha akaja Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyejua mipaka ya ulimi wake. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, alimsimamisha Karama mbele ya mfalme akishitakiwa kwa kufundisha uanasheria. Karama hakuwasha moto wowote. Alichochea taa, na waliokuwa wakifaidika na giza wakaita hatari.

Warithi wa mabingwa hao wako wapi leo? Wengi wamekubali kuachiwa ukurasa wa mapenzi, nasaha na pongezi, wakaona kwamba mambo ya umma ni ya watu wa habari. Na watu wa habari nao wakaona kwamba usalama umo katika hotuba za wakubwa. Wakati huo huo bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, limepangiwa kuishia Chongoleani, mlangoni pa Tanga. Mvuvi akiuliza bahari yake itakuwaje, au mkulima akiuliza fidia ya shamba lake ilikadiriwa vipi, maswali hayo yanahitaji gazeti la kuyabeba na malenga wa kuyakumbukisha. Yasipobebwa hayafi, hugeuka uvumi, na uvumi hauna mhariri. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi wahariri wa pwani, na washairi wa pwani zaidi, walirudishie neno mkia wake. Kila atakapoitwa mtu mchochezi, na iandikwe papo hapo, kwa herufi zinazosomeka: kachochea nini? Akiwa kachochea damu, ahukumiwe. Akiwa kapandisha utambi tu, aachwe, wenye kusoma waendelee kusoma.