REKODI YA KOSA ISIWE KIPANDE CHA SHINGONI

Wafanyakazi wa Kenya walilijua neno kipande kwa uchungu. Tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza hadi miaka ya 1940, mwanamume Mwafrika alilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za mabwana waliomwajiri. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Aliyeacha kazi bila ruhusa alisakwa kwa karatasi hiyo na kushtakiwa.

Kipande kile kilikwisha. Lakini ipo karatasi nyingine ya alama za vidole ambayo kijana wa Chidya, au wa kijiji chochote cha Masasi na Newala, aweza kuombwa leo: hati ya polisi inayoeleza kama ana rekodi ya jinai au hana. Waajiri wengine huitaka, na atakaye kwenda kufanya kazi ng'ambo huombwa pia. Sisi hatuipingi hati hiyo. Chama cha msingi kinachoweka korosho za wakulima ghalani kina haki ya kujua kama mtunza ghala wake alipata kufungwa kwa wizi. Jasho la mkulima si mali ya kuchezewa. Tunalotaka ni kwamba rekodi iandikwe kwa haki, na isomwe kwa haki.

Wengi wetu huchanganya mambo matatu: kukamatwa, kushtakiwa, na kutiwa hatiani. Mwezi Januari 2013 mji wa Masasi ulipatwa na ghasia. Majengo yalichomwa moto, na watu wengi wakakamatwa. Katika msukosuko kama huo mwenye kosa na mpita njia huweza kupanda gari moja la polisi. Je, wote wahesabiwe wahalifu kwa sababu walionekana ndani ya gari? Katiba yetu, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia yake ithibitike. Nayo Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 hairuhusu makosa ya zamani ya mshtakiwa yaletwe kuwa ushahidi wa shtaka jipya, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ikiwa hakimu amefungwa na kanuni hiyo, jirani na mwajiri wamepata wapi ruhusa ya kuivunja?

Sasa tutazame mahali rekodi inapozaliwa. Kwa mwananchi wa kawaida huzaliwa katika mahakama ya mwanzo, na mara nyingi kwa neno moja. Kijana anashtakiwa kuwa amepigana, au ameiba debe la korosho. Msimu umewadia, shamba lamngoja. Rafiki zake wanamnong'oneza: "Kubali tu, ulipe faini, yaishe." Anaulizwa kama shtaka ni kweli au si kweli, naye anajibu, "Kweli." Faini inalipwa, anarudi nyumbani akidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yameanza! Amekwisha kutiwa hatiani. Na aliyekiri kosa mwenyewe kwa kawaida hana tena rufaa ya kupinga hatia hiyo. Aweza kulalamikia adhabu tu. Mwenzake aliyekana na kushindwa ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya.

Hatusemi mwenye kosa adanganye. Aliyetenda na akiri, maana ukweli ni heshima. Twasema asikiri mtu jambo ambalo hakulitenda, wala asiloelewa, kwa kuogopa safari na gharama. Aliyekamatwa ana haki kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake, na kuomba ndugu au wakili wake apewe habari. Asiye na fedha naye hakusahauliwa. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya kuwapatia mawakili washtakiwa maskini. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliyoshika nafasi yake imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaokaa pamoja na wananchi. Msaidizi huyo hasimami mahakamani kama wakili, lakini aweza kumweleza mtu maana ya shtaka lake na kumwonyesha njia. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Basi kila balozi wa shina na kila kiongozi wa tawi la wafanyakazi amjue msaidizi wa kisheria aliye karibu, kabla siku ya shida haijafika.

Limebaki la aliyekosa kweli, akahukumiwa, akamaliza adhabu yake. Huyu amelipa deni. Ibara ya 67 ya Katiba, inapotaja hatia zinazomzuia mtu kuwa mbunge, hupima aina ya kosa, yaani utovu wa uaminifu. Hupima na uzito wa kifungo, na mahali pengine huhesabu miaka mitano kabla ya uchaguzi. Ikiwa kiti cha Bunge hupimwa hivyo, ni haki gani inayomfungia kijana kazi ya kubeba magunia kwa sababu ya ugomvi wa miaka kumi iliyopita? Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 ili makosa mengi, baada ya muda na mwenendo mwema, yasimfuate tena mtu anapotafuta kazi. Yafaa wabunge wetu nao walijadili jambo hili waziwazi.

Mtu aliyefungiwa kila mlango wa kazi halali husukumwa kurudi kwenye dirisha alimoingilia mara ya kwanza, na mwenye kuibiwa atakuwa mimi na wewe. Kwa hiyo mwajiri asomapo hati na aulize: kosa gani, lini, na lahusu nini kazi hii? Na kijana aitwapo mahakamani, asiseme "kweli" kabla hajauliza maana yake.