Nani Kakwambia ni Vichekesho Tu?

Katika toleo lililopita ndugu yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa naye hakututaja yetu, alituandika kwa mafumbo. Alisema wapo vijana wa Soweto, Mbeya, wanaoshinda na daftari wakiorodhesha nani alivaa gauni gani kwenye kichekesho gani, ilhali taifa linawangoja mashambani. Akamaliza kwa kusema kuwa fasihi ni kitu kizito, na kichekesho cha televisheni ni povu la soda. Haya. Vijana wenyewe ni sisi, na mmoja wao ni mimi. Nimepewa nafasi ya kujibu, nami nitajibu bila mafumbo.

Tuanze na hilo daftari, maana naona kalisema bila kulifungua. Ni kaunta buku la kwaya nne, limefungwa kwa gazeti na nailoni kama la mwanafunzi. Tunaorodhesha maigizo ya kundi ambalo kila nyumba yenye televisheni hapa Nyanda za Juu Kusini ililijua: Joti, Masanja Mkandamizaji, Vengu, MacRegan, Mpoki, Wakuvanga, na Seki. Safu ni sita. Jina la igizo, kituo, waigizaji, mwandishi, tarehe, na safu ya mwisho tumeiandika tu "Umejuaje?" Hiyo ndiyo iliyotugombanisha na nusu ya mtaa. Mtu anakuja kwa furaha kutusimulia igizo, anacheka mpaka machozi, halafu unamuuliza: umejuaje kwamba ni Joti aliyecheza yule bibi? Anakasirika. "Kwani mimi mwongo?" Hapana mama, si mwongo. Lakini uliona kwenye diski, ulikuwa mbele ya televisheni siku ile, au ulisimuliwa na shemeji yako?

Ndugu yangu anadhani kazi hiyo ni rahisi. Ajaribu. Kundi lile lilianza EATV kwa jina la Ze Comedy. Muongo wa 2000 ulipokuwa ukielekea ukingoni, wenyewe wakahamia TBC1. Jina likabaki kwa kituo, nao wakajiita Orijino Komedi. EATV wakaendelea kulitumia lile jina la zamani kwa wachekeshaji wengine. Sasa mtu akikwambia, "Mwaka 2010 niliona Ze Comedy, nilicheka sana," amekwambia nini? Pengine alimwona Masanja kwenye TBC1 akamwita kwa jina la mazoea. Pengine aliwaona wale wapya kwenye EATV. Sentensi moja, vipindi viwili, watu tofauti kabisa, na jasho la hawa linaandikwa kwa wale.

Halafu kuna hizo diski. Wauzaji wa Mwanjelwa walikuwa wakichanganya vipande vya siku tatu au nne kwenye diski moja, wanaandika juu kwa kalamu ya wino mzito "ZE COMEDY MPYA", basi. Baadaye ikaja kuwekeana kwenye memori kadi, na faili zikabeba majina yale yale ya uongo. Leo ukiingia YouTube unayakuta yamekaa kimya kama cheti cha kuzaliwa. Chochote chenye sura ya Joti ni Ze Comedy, hata kama amekifanya peke yake miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo tumejifunza kubisha. Tulikuwa tukiwauliza watu wakiwa pamoja pale kwenye kibanda umiza, tukaacha. Ukiwaweka watu wanne kwenye benchi moja, mwenye sauti kubwa atajibu, na wale watatu watakumbuka alichosema yeye. Siku hizi tunamhoji kila mtu peke yake. Wawili wakikubaliana bila kusikilizana, tunaandika W. Akiwa mmoja, tunaandika K, yaani kumbukumbu tu. Tuliyoyaona wenyewe kwenye diski yanapata M.

Tarehe ndiyo balaa. Ila igizo lenyewe hujichongea. Wale jamaa walipenda kuigiza taarifa ya habari na kukejeli nyimbo zilizokuwa zikivuma, na kejeli ya wimbo haiwezi kutangulia wimbo. Na kuna umeme. Kaka mmoja wa Ilomba alituapia kwamba mwaka 2011 hakukosa Orijino Komedi hata wiki moja. Tukamuuliza: nyumbani mlikuwa na jenereta? Hawakuwa nayo. Mwaka 2011, ule wa mgao, taa zinazimika kabla ya ugali kuiva, yeye hakukosa hata wiki moja! Tukampa K, tena kwa penseli.

Mwenzangu atasema: sawa, mna bidii, lakini ya nini? Joti ni Joti, jina la kwao linatusaidia nini?

Linatusaidia hivi. Muulize mzee yeyote aliyekua na Radio Tanzania Dar es Salaam kuhusu Pwagu na Pwaguzi. Atakuigizia sauti zote mbili, atakukumbusha na methali iliyozaa majina hayo. Sasa muulize jina la mtu aliyekuwa nyuma ya ile sauti ya Pwagu. Wazee tisa niliowauliza hapa Soweto, wawili ndio walijibu, na majibu yao hayakufanana. Watu wale waliingia kila nyumba yenye redio, na sisi tumebaki na kikaragosi bila mtu.

Kenya nao wana la kwao. Mzee Ojwang wa Vitimbi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi hata watazamaji wengi, huko kwao na huku kwetu, wakaamini ni Mjaluo wa kuzaliwa. Alikuwa Mkikuyu, jina lake Benson Wanjau. Alipofariki Julai 2015 wapo waliolisoma jina hilo kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya msiba. Hebu fikiria: ukishajua hilo, kila neno alilotamka linabadilika. Ulidhani mtu anaongea tu kama alivyozaliwa, kumbe miaka yote hiyo alikuwa kazini. Mtu asiyejua jina hawezi kuupima ule ufundi. Sasa huo si uhakiki wa fasihi, ndugu yangu? Au uhakiki unaanza pale kitabu kinapokuwa na jalada gumu?

Kwa hiyo ninaandika hapa, kwa majina yote tuliyoyathibitisha: Joti ni Lucas Mhuvile. Masanja ni Emmanuel Mgaya. Vengu ni Joseph Shamba. MacRegan ni Alex Chalamila. Seki ni Sekioni David. Mkitaka kunicheka kwa kuorodhesha majina ya watu, chekeni.

Uongo kuhusu wachekeshaji hauna huruma. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, alizushiwa kifo angali anapumua. Watu waliweka mishumaa kwenye simu zao, familia ikakanusha. Mtu huyo, Amri Athumani wa Tanga, aliyetuchekesha tangu tukiwa watoto, alifariki kweli tarehe 8 Agosti 2018 pale Muhimbili. Nani alimwomba radhi kwa kile kifo cha kwanza? Hakuna, kwa sababu "ni mambo ya wachekeshaji." Kuhusu mtu anayetuchekesha tunaona tuna ruhusa ya kusema lolote. Angekuwa mkuu wa wilaya tungethibitisha kwanza.

Nije kwenye lililoniuma zaidi. Mtangazaji mmoja wa redio, simtaji wala kituo chake, alituomba nakala ya kurasa chache za daftari ili atengeneze kipindi. Tukampa kwa moyo mweupe. Penye tarehe tusiyoijua tulikuwa tumeacha nafasi tupu. Yeye aliona mapengo hayapendezi hewani, akayajaza kwa kichwa chake. Tarehe, mwezi, mwaka, kwa sauti nzuri ya asubuhi. Miezi miwili baadaye akatujia mwanafunzi wa chuo, kijana makini kabisa, ametuletea tarehe tulizokuwa tukizitafuta. Tulimuuliza swali letu la kila siku, umejuaje? Akasema: nimesikia redioni, na walisema wamezitoa kwenye daftari lenu.

Unaona mzunguko huo? Mambo makubwa nayo yanakosewa hivyo hivyo. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na wanaojitolea kuiandika wanaombwa waonyeshe chanzo cha kila wanachodai. Ni sharti zuri. Lakini chanzo chenyewe mara nyingi ni gazeti la udaku, na mwandishi wa gazeti hilo akiishiwa habari naye anakwenda kunakili mtandaoni. Kosa moja likishapata vyanzo viwili linaheshimika kuliko ukweli wenye shahidi mmoja. Kwa hiyo wale wanaotushauri "jazeni tu, mtasahihisha baadaye" hawajui wanachokiomba. Pengo kila mtu analiona na anaweza kuliziba. Tarehe ya uongo inafanana kabisa na tarehe ya kweli.

Nimesikia pia hoja kwamba kazi hii ni ya Wazungu wenye maktaba zao. Hata kidogo! BBC wenyewe walifuta mikanda yao, kwa sababu mikanda ilikuwa ghali na vichekesho vilionekana, naam, povu la soda. Tamthilia yao ya kuchekesha iitwayo Dad's Army ilionyeshwa kuanzia 1968 hadi 1977, vipindi 80. Vichache vya msimu wa pili vilipotea. Mwaka 2001 viwili vilivyokuwa havijulikani vilipo vikapatikana. Vitatu mpaka leo havijaonekana. Mimi kinachonitia wivu si vile viwili vilivyopatikana. Ni ule uwezo wa kusema "vitatu". Wanajua majina ya wanachokikosa, kwa kuwa kuna mtu aliandika orodha. Sisi tumepoteza kiasi gani cha miaka ile ya kwanza? Hatuwezi hata kuanza kuhesabu.

Na mkate je? Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, inayomlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Vizuri sana. Msemo uliotoka kwenye igizo ukiishia kwenye tangazo la biashara, mtunzi aende kudai na nini mkononi? Aseme "kila mtu anajua ni wangu"? Kwenye daftari letu safu ya waigizaji imejaa kwa kiasi. Safu ya mwandishi imejaa mistari kumi na moja katika kurasa arobaini. Kumi na moja! Mtu aliyekaa akafikiri lile neno ambalo Mbeya nzima ililirudia kesho yake asubuhi kwenye daladala, hatumjui. Kama wapo waliotunga pamoja papo hapo, hilo nalo liandikwe hivyo, kwamba walitunga pamoja.

Ndugu yangu aliyetuandika, usiku wa kipindi ulikuwa unakaa wapi? Najua umri wako, najua mtaa wako, na najua nyumba yenu ilikuwa na televisheni kabla ya yetu. Njoo Soweto Jumamosi yoyote, tutakukalisha peke yako na kukuuliza polepole. Usimuulize mtu kabla hujaja. Na kama kuna diski zozote zimebaki kabatini, zilete na makasha yake, hata yaliyopasuka. Ule mwandiko wa muuzaji usiufute.