Mkataba na Usomwe Pasiansi

Binti aondokaye kata yetu ya Pasiansi, Ilemela, kwenda kufanya kazi za ndani Maskati huagwa na jamaa zake kwa dua na nasaha nyingi, akausiwa avumilie, amtii tajiri wake, asisahau kwao. Ilhali karatasi itakayomtawala kwa miaka miwili, yaani mkataba wa ajira, wengi huletewa na wakala safari ikiwa imekwisha wadia, nayo imeandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza, na mwenye kusita kutia saini huambiwa kwamba viza na tikiti zimekwisha lipiwa. Mimi naona kuwa dhuluma nyingi za ugenini hupata mlango katika saa hiyo, hapahapa Ilemela, kabla ndege haijaruka.

Chini ya kafala, utaratibu unaotumika katika nchi kadhaa za Ghuba, ukazi wa mtumishi hufungamana na jina la kafili wake, yaani tajiri aliyemdhamini, hata akiikimbia nyumba kwa sababu ya mateso aweza kushtakiwa utoro, na akitaka kurejea kwao kabla ya muhula aweza kudaiwa gharama zote zilizomleta. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya Novemba 2017 iliyowahusu wanawake wa Tanzania walioajiriwa Omani na Falme za Kiarabu, lilieleza habari za pasipoti zilizochukuliwa, mishahara iliyozuiwa, na kazi ya hata saa 21 kwa siku.

Wako wasemao dawa ni kuwakataza mabinti wasiende. Sikubaliani nao: mwenye haja ya riziki akifungiwa Dar es Salaam atapitia Nairobi, na akipitia huko hapana ofisi ya kwetu itakayojua yuko kwa nani. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, wataka mtumishi wa nyumbani apewe masharti ya kazi kwa maandishi kabla hajavuka mpaka, na hati zake za safari zikae mikononi mwake. Basi karatasi ya wakala na isomwe katika ofisi ya mtendaji wa kata, kwa Kiswahili, kwa sauti, mama na wajomba wakihudhuria: ujira ni riali ngapi na hulipwa lini, siku ya mapumziko ni ipi, pasipoti itashikwa na nani, nauli ya kurudi i juu ya nani, na nakala moja ibaki kwa mama, pamoja na jina na simu ya kafili. Na wakala akisema kwamba nafasi ya ujira itajazwa hukohuko Maskati, mtendaji airudishe karatasi bila mhuri, na binti asipande ndege.