Hita haina kosa, wadau!

Jamani wadau, kuna ugonjwa wa Kibongo umenichosha: kitu kikisumbua tunanunua kipya, hatuulizi kwa nini.

Majuzi nililala kwenye boti ya watalii pale Bagamoyo. Naoga, maji yananichoma. Nafungulia ya baridi kidogo, yanakuwa barafu! Mzee nahodha ananiambia, "Kijana, hita ya gesi hii feki, tunaleta nyingine." Itakuwa ya tatu!

Feki wapi? Hita hizi haziwaki mpaka maji yapite kwa kasi ya kutosha. Ukichanganya ya baridi, yanayopita kwenye hita yanapungua, moto unazima. Na pampu ya boti ikiwaka na kuzima, presha inayumba, joto nalo linayumba. Dawa? Safisha chujio, funga kitangi cha kutuliza presha baada ya pampu, kisha punguza gesi badala ya kuongeza maji baridi. Basi.

Lakini kilichonitia hasira ni gunia! Wameziba tundu la hewa ili upepo usizime moto. Moto ukikosa hewa unatoa kaboni monoksaidi: haina rangi, haina harufu, inaua mtu usingizini. Na gesi ya mtungi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatuama ngamani ikisubiri cheche.

Huu ni mji wa mafundi majahazi, na chuo cha uvuvi kipo hapo Mbegani. Tunakosa wa kumuuliza kweli? Au tunasubiri maiti ndipo tuunde tume?

Toeni hilo gunia. Leo.