Alama zetu msituwekee kwenye RAM tu!

Haya wadau, leo natema nyongo.

Tangu wiki ile ya usajili wa kozi mfumo ulipokwama, kila nikikaa kantini nasikia wimbo uleule kutoka kwa washkaji wa kompyuta: "Hamishieni majedwali yote kwenye RAM, kazi kwisha!" Jamani, mimi nasomea ualimu wa Hisabati na Kompyuta, sio uhandisi, lakini hili nalikataa.

Kwanza, hifadhidata za kawaida tayari zinatunza kwenye RAM data zinazosomwa mara kwa mara. Kama programu inapekua jedwali zima kumtafuta mwanafunzi mmoja, dawa ni faharasa. RAM haihusiki hapo.

Pili, majedwali ya RAM hayafanani. Yale yaliyokuja na SQL Server ya 2014 hayatumii kufuli kabisa. Ukibadilisha rekodi, linatengenezwa toleo jipya, na wengine wanaendelea kusoma la zamani. Ndio maana yanang'ara pale watu mia tano wanapoingiza rekodi mpya kwa mpigo. Lakini kama wote wanapunguza namba moja ya "nafasi zilizobaki", watagongana tu: mmoja anapita, wengine wanakataliwa na inabidi wajaribu tena. Sasa njoo MySQL, jedwali la aina ya MEMORY: anayeandika anafunga jedwali zima, na miamala halina. Hapo si umeongeza foleni?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma: umeme. Kwenye SQL Server, usipobadilisha kitu, muamala wa jedwali la RAM bado unaandikwa diskini kabla ya kuthibitishwa. Kwa hiyo kama diski ndiyo inayochelewesha uandishi, bado utasubiri. Ukitaka kuikwepa diski unachagua SCHEMA_ONLY. Kasi utaipata, ila seva ikizimwa na kuwashwa unakuta jedwali lipo na ndani ni tupu. Hebu fikiria ndio matokeo yako ya muhula, au malipo ya ada. Utamwambia nini mzee nyumbani?

Kwa hiyo lini tutumie? Pima kwanza. Ukikuta miamala inasubiriana kwenye kufuli, na RAM inatosha data pamoja na matoleo yake, tumia, lakini ile inayoandika diskini. SCHEMA_ONLY iachieni vitu ambavyo vikipotea hakuna anayelia: orodha ya walioingia kwenye mfumo muda huu, au data za muda zinazosubiri kuchakatwa na asili yake ipo kwingine.

Mwalimu anakokotoa ubaoni, lakini alama anaandika kwenye daftari. Anajua ubao utafutwa.

Nawasilisha. Anayebisha atanikuta kantini, na chai ni juu yake.