Milango ya Masqat na Mlango wa Nyumba Yako



Katika baraza zetu za Bagamoyo, na vivyo hivyo Saadani na Pangani, ikitajwa Oman hutajwa masultani wawili, baba na mwana. Baba ni Said bin Taimur, aliyetawala toka 1932. Mwana ni Qaboos, aliyemwondoa baba yake tarehe 23 Julai 1970 kwa msaada wa Waingereza, akatawala mpaka alipofariki tarehe 10 Januari 2020. Si ajabu tukiwazungumza, kwani wengi wetu tuna jamaa huko, na Kiswahili husemwa Masqat hata leo. Lakini lipo neno lisilofaa kunyamaziwa: ati baba alikuwa bora, kwa kuwa alifunga milango apate kuilinda dini.

Haya, tutazame. Said alirithi nchi yenye madeni, akayalipa. Hilo ni jema, tumpe haki yake. Lakini mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, na hata 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli 3 tu, zote za wavulana, na barabara ya lami kiasi cha kilomita 10. Usiku malango ya Masqat yalifungwa, na mwenye kutembea alilazimika kubeba taa. Waomani waliosoma ng'ambo hakuwataka warudi. Katika jamaa zetu walioihama Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, wengi waliishia Dubai, Kuwait na Misri.

Je, huku ndiko kuilinda dini? Wahyi wa kwanza kumshukia Mtume (S.A.W.) ulikuwa amri ya kusoma. Dini gani basi hiyo ihifadhiwayo kwa ujinga?

Qaboos aliwaita waliokuwa nje, na waliozaliwa pwani yetu wakapata kazi serikalini kwa elimu yao. Waasi wa Dhofar waliosalimu amri aliwasamehe, na mwisho wa 1975 akatangaza vita vimekwisha. Mwaka 1986 kikafunguliwa chuo kikuu, wanaume kwa wanawake.

Simpambi. Mafuta yalimsaidia, vyama vya siasa vilipigwa marufuku, na madaraka yote aliyashika mkononi mwake, hata mwaka 2011 vijana wa Sohar wakatoka njiani kudai kazi. Hayo nayo ni makosa, na wema wa mtu hauyafuti. Lakini baba aliwaogopa watu wake wasije wakajua, na mwana aliwataka wajue. Hapo ndipo walipoachana.

Sasa turudi nyumbani. Wewe unayemsifu Said, binti yako yuko wapi? Umemwachisha skuli, na chuoni umemtoa alipomaliza juzuu ya Amma, nawe wasema unamhifadhi. Wallahi, funguo za malango yale umezitia mfukoni mwako! Na wewe unayemsifu Qaboos kwa sababu ya fedha ziletwazo toka Masqat, zimelipa ada ya mtoto gani? Au zimekwisha kwenye maturubai ya harusi?

Hao wawili wamekwenda mbele ya Mola wao, na hesabu yao iko Kwake. Wewe ungali na nyumba unayoitawala, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Fungua mlango, ndugu yangu, kabla hujaulizwa kwa nini uliufunga.